Mtoto Asiyesikia "Simama"

Tulimzika Wakili Lwanga siku ya Jumamosi, kwao upande wa Masaka, mvua ikinyesha kwa namna ile ya uvivu ambayo haikomi wala haizidi. Wasemaji walikuwa wengi. Mmoja alimwita simba wa mahakama, mwingine akasema hakuwahi kushindwa, nami nilikuwa nimeketi chini ya turubai, magoti yananiuma kwa safari ya basi kutoka Nairobi, nikawaza kwamba marehemu angelisikia neno hilo angeomba maji ya kunywa. Hapo mwanamke mmoja mwenye mvi, kitambaa cheusi kichwani, akaja akasimama mbele yangu, akanishika kidevu taratibu na kuugeuzia uso wangu kwenye mwanga. Ni mtu mmoja tu duniani aliyewahi kunishika hivyo. "Dada Nafula," alisema. Alikuwa Akello. Aliniambia anafundisha watoto viziwi huko Lira, katika chumba walichoazimwa na kanisa, na kwamba kila muhula huenda ofisi ya elimu kuomba chumba cha kudumu na kila muhula hurudi bila jibu. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Tangu siku ile, jioni nikishavua viatu, mwaka mmoja wa ujana wangu hunirudia, nami sina nguvu ya kuufukuza.

Ulikuwa katikati ya miaka ya sabini, jeshi likitawala. Nilikuwa karani na mpiga chapa wa Wakili Lwanga, msichana wa Kikenya niliyekuja Kampala kwa kuwa kazi zilipatikana: waliokuwa wakizifanya walikuwa wamefukuzwa au wamekimbia. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya kwanza katika jengo la mjini ambalo zamani lilikuwa makazi ya familia ya Kihindi. Chumba alichotumia wakili kilikuwa sebule yao, na kwenye dari zilibaki kulabu mbili walizoning'inizia bembea. Kabati la majalada lilikuwa kabati lao la vyakula; ukilifungua, harufu ya bizari ilitoka pamoja na faili za kesi za ardhi. Wakili alikuwa Mganda wa makamo, mwembamba, mwenye soksi zilizotiwa viraka kwa ustadi na mkewe, na kama watu wengi wa kwao alizichanganya r na l. Asubuhi ya kwanza aliniita kwa heshima, kama kwao wanavyomwita mwanamke, "Nyabo, niletee karamu," nami nikasimama mlangoni nikijiuliza karamu gani, mji mzima ukiwa hauna sukari wala chumvi, mpaka aliponionyesha kalamu iliyokwisha wino. Chakula chetu cha mchana kilikuwa posho, yaani ugali, na maharagwe, siku ya neema vipande vya samaki mkavu, tukala kwenye meza ileile ya kesi baada ya kusogeza karatasi, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa ili maneno yetu yasishuke ngazi. Pale ngazini palikuwa na kijana aliyekaa siku nyingi akisoma gazeti. Hatukumuuliza kitu. Tulimsalimu, naye aliitikia vizuri.

Mama Akello alikuja mwanzoni mwa mwaka, asubuhi, amemshika binti yake mkono. Alikuwa mrefu, mtu wa kaskazini, mke wa sajini wa polisi wa kota za Naguru. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisichojali ngeli wala adabu za vitabuni, na hakuna Kiswahili nilichowahi kusikia kilichosema mambo kwa unyoofu zaidi. Alisema binti yake alikuwa wa kwanza darasani, kisha akaugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio hayakurudi. Sasa alikuwa ameingia darasa la saba, mwaka wa mtihani, na mwalimu mkuu amemrudisha nyumbani. Barua ilisema mtoto ameondolewa kwa sababu ya ugonjwa, apelekwe shule ya viziwi.

"Mama, hiyo shule ipo," Wakili Lwanga alimwambia. "Kwa nini usimpeleke? Watu wanampenda mtoto, wanamfundisha kwa mikono."

"Iko mbali, bwana wakili."

"Si mbali sana. Kuna basi."

"Basi iko. Lakini mpaka pale iko roadbloki. Hapa, hapa, na pale." Alionyesha juu ya meza kwa kidole, kama anayepanga vikombe. "Askari nasema simama, mtoto hapana sikia. Sasa itakuwa nini?"

Wakili aliiweka barua mezani. Akello, ambaye alikuwa na miaka kama kumi na mitatu, alikuwa akitazama midomo yetu, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameanza kujifunza kusoma midomo peke yake. Wakati ule alikuwa hasemi tena. Mama yake alituambia kwamba wenzake walikuwa wameicheka sauti yake tangu ilipobadilika, naye akaifungia.

Sheria ya kumtetea haikuwepo. Leo vijana wanasheria hunitajia vifungu kwa nambari, mikataba ya kimataifa, haki ya elimu jumuishi, nami hufurahi kwa ajili yao. Lakini wakati ule, katika vitabu vyote vilivyokuwa kwenye kabati lile la bizari, mtoto kiziwi hakutajwa mahali popote. Wakili alisoma siku kadhaa, miwani ikiteremka puani. Mwishowe alichopata ni kitu kidogo: kanuni ya serikali kwa shule zote, iliyoeleza sababu ambazo mwalimu mkuu anaweza kumwondoa mwanafunzi. Utovu wa nidhamu, kutolipa karo, na ugonjwa. "Basi," alisema, "tutauliza tu, uziwi ni ugonjwa? Hatutauliza kitu kingine. Ukiuliza jambo kubwa siku hizi, wanakuuliza wewe ni nani."

Taabu ilianza kwenye hati ya kiapo. Mtoto hawezi kushtaki mwenyewe. Humtaka mzazi, na mahakama ingetaka kujua baba. Sajini alikuwa ametoka nyumbani asubuhi moja kabla ya Krismasi, amevaa sare, na hakuonekana tena. Wenzake kazini walisema hakufika. Mama Akello alikuwa amezunguka ofisi, amezunguka vyumba vya maiti vya hospitali, na siku alizozunguka alimwacha Akello kwetu ofisini, akinisaidia kupanga karatasi.

"Tukiandika marehemu," wakili alimweleza polepole, "watatuuliza nani alimwua. Tukiandika amekutoroka, hakuna atakayeuliza."

"Yeye hapana toroka mimi."

"Najua, mama. Ni maneno ya karatasi tu."

"Karatasi itakaa. Mtoto yake atasoma." Aliifunga mikono yake kifuani. "Hapana. Andika kweli."

"Kweli ni ipi?"

Redio ilikuwa ikipiga muziki wa Kikongo. Wakili alichukua kalamu, akaandika, akafuta, akaandika tena, kisha akanipa nipige chapa, nami nikausoma mstari ule kwa sauti, nikimtafsiria Kiswahili: baba wa mtoto hayupo nyumbani kwa sasa. Mama Akello aliniomba nirudie. Nikarudia. "Kwa sasa," alisema, akitikisa kichwa kukubali. "Hiyo mzuri. Hiyo naweza kuapa." Nimepiga chapa maelfu ya kurasa maishani, na ninadhani hayo ndiyo maneno mawili mazito kuliko yote yaliyopita kwenye vidole vyangu.

Wakili hakuwa shujaa, na napenda hili lijulikane kwa kuwa makaburini hawakulisema. Aliogopa. Kuna alasiri mkewe, muuguzi, alipita kutoka zamu na chupa ya uji, na kupitia mlango uliokuwa hauzibi vizuri niliwasikia wakizungumza Kiganda, ambacho nilikuwa nimeshakielewa vya kutosha. "Wenzako wanachukuliwa kwa kesi za watu wakubwa," mama yule alisema. "Wewe unataka uchukuliwe kwa sababu ya kiti cha darasani?" Wakili akamjibu, "Kiti cha darasani ndicho ninachokiweza." Ikafuata sauti ya kijiko ndani ya kikombe. Alipotoka, mkewe alinitazama kama mtu anayenikabidhi mzigo, akaniambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, hakikisha anakula."

Mimi nilikuwa nikiishi Bugolobi, katika fleti ya binamu yangu, mahali ambapo harufu ya kahawa kutoka viwandani iliingia hadi kwenye shuka. Mara kwa mara Akello alilala kwetu, mama yake alipokwenda mbali kutafuta habari. Siku moja baada ya kazi tulikuwa tukitoka kununua chumvi, ambayo mtu mmoja alikuwa akiiuza kwa siri nyuma ya duka. Akello alikuwa ametangulia na kikapu. Sikujua kwamba palikuwa na kizuizi kipya penye kona; asubuhi hakikuwepo. Nilisikia sauti: "We! Simama!" Akello aliendelea kutembea. Alikuwa akitazama kunguru walio kwenye paa. Sauti ikaja tena, na baada yake mlio wa chuma cha bunduki, mlio ambao sikuwahi kuusikia karibu namna ile lakini mwili uliujua. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka niko kati ya Akello na askari, mikono juu, nimempa askari mgongo na kisha uso, nikipiga kelele, "Hasikii, afande! Hasikii! Ni kiziwi!"

Askari alikuwa kijana, macho mekundu. "Kiziwi?" alisema. "Mwambie asikie."

Nilimwambia tena, kwa heshima zote nilizozijua. Akello sasa alikuwa amegeuka na kuona bunduki, akasimama wima. Askari akamzunguka akaenda nyuma yake, akaliokota jiwe, akalibamiza kwenye pipa tupu la mafuta lililokuwa karibu na kisogo chake. Mimi niliruka. Akello hakupepesa jicho. Askari alimtazama, akabamiza tena, na safari hii akacheka kicheko kifupi, bila furaha, kama mtu aliyeonyeshwa kitu asichokitaka. "Kweli kabisa," alisema. "Baba yake nani?"

"Polisi, afande. Naguru."

Akachukua chumvi yote iliyokuwa kikapuni, akatuachia njia. Tulipofika nyumbani nilitaka kulia lakini Akello aliniwahi, alinishika kidevu, akanigeuza, akaniuliza kwa sauti yake iliyofungiwa miezi yote ile, sauti nzito ya puani, "Alisema nini?" Ndilo neno la kwanza alilonitamkia. Nikamwambia. Akawaza, akasema, "Shule ya karibu ni bora," kama vile jambo hilo lilikuwa bado linajadiliwa.

Kesi ilisikilizwa baada ya kuahirishwa mara nyingi: mara hakimu mgonjwa, mara faili halionekani, mara umeme hakuna. Mtu huchoka na haki kabla haijafika, nadhani hiyo ndiyo kazi ya ahirisho. Siku yenyewe chumba kilikuwa nusu kitupu. Hakimu, mtu wa magharibi mwa Uganda mwenye shavu lililovimba kwa jino, alikuwa akilishika kwa kiganja huku akiandika. Wakili wa serikali alisoma kanuni, akasema uziwi umetokana na homa, homa ni ugonjwa, basi uziwi ni ugonjwa. Alikuwa kijana, na nafikiri aliona mwenyewe jinsi hoja ilivyokuwa nyepesi. Wakili Lwanga aliinuka. Aliiweka mikono yake nyuma. "Mheshimiwa," alisema, "mtoto huyu ameshinda ofisini kwangu muda mrefu, tumekula sahani moja. Mpaka leo nasikia vizuri sana." Watu walicheka, hata mlinzi wa mlangoni, sijui kama kilikuwa kicheko cha kufurahi au cha kutua mzigo.

Kisha hakimu akamwita mama. Alimwuliza kwa Kiingereza, mkalimani wa mahakama, mzee mwenye koti lililochakaa kwenye viwiko, akatafsiri: kwa nini hataki kumpeleka mtoto shule ya viziwi, ambako angepata msaada zaidi?

Nilimwona Wakili Lwanga akifumba macho. Tulikuwa tumemwomba mama ajibu kwamba karo ni ghali. Mama Akello alimtazama hakimu moja kwa moja. "Barabarani iko askari na bunduki," alisema. "Yeye nasema simama. Mtoto yangu hapana sikia simama. Mimi nataka yeye kusoma mahali hapana askari katikati."

Kila mtu chumbani alikuwa ameelewa, maana Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya bunduki zenyewe. Hakimu alielewa. Kijana wa serikali alielewa, akainamisha uso kwenye karatasi zake. Mkalimani alilamba midomo, akageuka, akasema kwa Kiingereza sanifu kabisa: "Mheshimiwa, anasema ni mwendo. Shule iko mbali."

Hakimu alimtazama mkalimani, kiganja shavuni. "Mwendo," alisema hatimaye, akaandika. Baadaye akamwita Akello mbele, akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akamsogezea. Ilikuwa hesabu ya mafungu. Akello aliifanya akiwa amesimama, akairudisha, kisha bila kuombwa akalitamka jibu kwa sauti. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka sauti ile na hakimu akamnyamazisha kwa jicho. Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata, mfupi: uziwi si ugonjwa kwa maana ya kanuni, mtoto arudi darasani, aketi mbele, na maagizo yanayosemwa yaandikwe ubaoni.

Mwalimu mkuu alitungoja nje ya mahakama. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alikuwa mama mnene aliyekuwa akihema, na alimwendea Mama Akello kwanza. "Sikumwondoa kwa ubaya," alisema. "Walimu wangu wamekimbia. Darasa la saba limejaa mpaka mlangoni, nalifundisha mwenyewe, na sauti yenyewe sina tena. Nilisema, angalau huyu anapo pa kwenda."

"Mimi najua, madamu," Mama Akello akamjibu. "Wewe naandika tu ubaoni. Hata hao wengine watasoma."

Na aliandika. Hilo lazima nikiri. Nilikwenda siku moja kumpelekea Akello penseli, nikamwona kupitia dirishani, mkono wote umejaa chaki, akiandika hata "kaeni chini" na "fungueni vitabu." Mtihani ulipofika, mwishoni mwa mwaka, msimamizi wa kutoka nje alikataa kwanza kuandika maagizo ubaoni, ikabidi aonyeshwe amri ya mahakama, akaisoma mara mbili, akaandika. Akello alifaulu vizuri sana. Siku matokeo yalipokuja, Wakili Lwanga alituma mtu Kansanga, kwenye baa iliyokuwa ikipata vitu kwa magendo, akaleta sukari iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, tukanywa chai tamu, sisi wanne, chini ya kulabu za bembea. Mama Akello aliweka nyingi mno kikombeni mwake, akaona haya, kisha akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo.

Shule ya sekondari aliyopangiwa ilimpokea kwa barua, na ilipojua ni kiziwi ikamkataa kwa barua. Wakili akawapelekea nakala ya uamuzi. Jibu lilirudi likiwa na karatasi moja zaidi: kanuni ilikuwa imerekebishwa. Baada ya neno ugonjwa yalikuwa yameongezwa maneno "au upungufu wowote wa kusikia, kuona au kutembea." Nilimsomea wakili mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikaketi. Kwa sababu yetu, mlango uliokuwa umerudishwa tu sasa ulikuwa umetiwa komeo, na si kwa Akello peke yake.

Wakili aliichukua karatasi, akaisogeza karibu na dirisha. "Angalia, nyabo," alisema. "Mwaka jana sheria haikujua kama Uganda iko na mtoto kiziwi. Leo imebidi wamwandike." Sikuona faraja yoyote, nikamwambia hivyo. "Sijasema ni faraja," alinijibu. "Nasema sasa tuna kitu cha kupinga. Tia karatasi kwenye mashine."

Tulifungua kesi ya pili. Haikusikilizwa. Kijana wa ngazini, yule wa gazeti, asubuhi moja alimsalimu wakili kama kawaida, kisha akaongeza kwa heshima, kwa sauti ya chini, "Ssebo, kesho usije." Hatukujua kama ni mtego au wema, na mpaka leo sijui. Wakili na mkewe waliondoka mchana uleule, yeye na soksi alizovaa tu, wakavuka mpaka. Kwetu Wakenya hali nayo ilikuwa imeharibika. Binamu yangu alikuwa ameshafunga mizigo, na nilikuwa nimepewa nafasi ndani ya gari la watu wa kwetu. Kabla ya kuondoka nilikwenda Naguru kumwambia Mama Akello.

Nilikuta kota yake imefunguliwa wazi na familia nyingine inangoja nje na magodoro. Alikuwa ameambiwa nyumba ni ya askari aliyepo, si ya askari asiyepo. Lori la kwenda kaskazini lilikuwa limewashwa. Vitu vyake vyote vilikuwa kitanda, masufuria, cherehani, na juu ya magunia sare ya sajini, imepigwa pasi na kukunjwa. Nilimweleza kuhusu wakili. Alinishika mabega, akasema, "Yeye hai. Hiyo mzuri," akarudi kufunga kamba.

Akello alikuwa ameshapanda, ameketi juu ya magunia na vitabu vyake vya darasa la saba mapajani. Aliinama kutoka juu ili anione vizuri. "Dada, kesi yetu ni lini?" aliuliza.

Dereva alikuwa akipiga honi. Ningeweza kumwambia mambo mengi, na yote yangehitaji muda. Nikainua uso ili asikose kuiona midomo yangu.

"Bado," nilimwambia.

Aliitazama midomo yangu kuhakikisha kwamba hakuna neno jingine linalofuata. Halafu akaitikia kwa kichwa, akavifunga vitabu kwa ukanda wa baba yake, na lori likaondoka.